UENDE SALAMA, URUDI SALAMA: Afya ya Mkulima wa Nchi ya Baridi Akisafiri Nchi ya Joto



Kabla ya kupeleka ndama mnadani unamtazama kwato, unamtafutia cheti cha daktari wa mifugo, na unauliza habari za njia. Hufanyi hivyo kwa kupenda taabu. Unafanya kwa sababu unajua kwamba mnyama akiugua safarini hasara ni yako. Lakini siku unapofunga safari wewe mwenyewe, pamoja na mama watoto na watoto, mara nyingi hutazami kitu ila nauli na zawadi. Basi mwezi huu tuache kidogo habari za ng'ombe na viazi, tuzungumze habari za mwenye shamba: jinsi ya kusafiri akiwa mzima na kurudi akiwa mzima.

Sisi wa skimu za nchi ya juu, yaani Ol Kalou, Kinangop, Kipipiri na nyinginezo, ni watu wenye jamaa kila mahali. Tangu mwanzo wa miaka ya 1960, mashamba makubwa yalipogawanywa, wazee walikuja huku kutoka pande nyingi. Baadaye, katika miaka ya 1970, wengine walihama wakaenda kulima skimu ya Lake Kenyatta huko Mpeketoni, katika Lamu. Wengine wana wakwe Busia, Siaya au Kakamega, na wengine wana ndugu wanaolima mpunga Mwea au Ahero. Kwa hiyo hakuna mwaka unaopita bila arusi, matanga, au likizo ya watoto kwenda kwa nyanya yao. Safari hizi ni njema na zinatunza ukoo. Lakini kuna hatari moja inayomngoja mtu wa nchi ya baridi akishuka nchi ya joto, na watu wengi hawaijui mpaka imewapata. Hatari hiyo ni Malaria.

KWA NINI HUKU JUU HATUIONI?

Watu wengine hudhani kwamba huku kwetu hakuna Malaria kwa sababu hewa ni safi. Sababu siyo hiyo. Malaria haitoki katika hewa, wala katika muwa, wala katika kunyeshewa na mvua. Mwaka 1897 daktari mmoja aliyekuwa akifanya kazi India, jina lake Ronald Ross, alikiona kijidudu cha Malaria ndani ya tumbo la mbu, na tangu hapo njia ya ugonjwa ikajulikana. Mbu jike wa aina ya Anofelesi humnyonya mtu mgonjwa na kukichukua kijidudu hicho. Kijidudu hukua ndani ya mbu kwa siku kadhaa, kisha mbu humwuma mtu mwingine na kumwachia.

Sasa angalia jambo hili, maana ndiyo siri yote. Kijidudu hiki kinataka joto ili kikue. Katika joto la digrii 25 kinahitaji siku kama 12 hivi ndani ya mbu kabla ya kuwa tayari kumwambukiza mtu. Joto likipungua kinakawia, na chini ya digrii 16 hivi hakikui kabisa. Mbu naye haishi siku nyingi. Katika usiku wa baridi wa Kinangop, mbu hufa kabla kijidudu hakijakomaa. Ni kama kupanda mahindi ya miezi sita mahali ambapo mvua ni ya miezi miwili: mbegu ipo, lakini mavuno hayafiki.

Lakini usiseme kwamba mlima ni ukuta wa mawe. Katika miaka ya 1990, na tena mwaka 2002, Malaria ilipanda mpaka milima ya Kisii, na katika miaka hiyo ya 1990 iliingia Nandi na Kericho pia. Iliua watu wengi, kwa sababu watu wa huko hawakuwa wameizoea.

"MIMI NILIZALIWA HUKO, HAINIWEZI"

Haya ni maneno tunayoyasikia sana, na ni maneno ya hatari. Ni kweli kwamba mtu anayekaa Siaya au Kilifi tangu utotoni, akiumwa na mbu mwaka hata mwaka, mwili wake hujifunza kupigana na Malaria. Akiipata, mara nyingi huugua kidogo tu. Lakini nguvu hii si kama alama ya chanjo ambayo haifutiki. Ni kama jembe: ukilitumia kila siku linang'aa, ukiliacha ghalani linaingia kutu. Mtu akihama na kukaa nchi ya baridi miaka michache, nguvu yake hupungua sana. Akirudi kwao kwa matanga, anarudi kama mgeni.

Na watoto je? Mtoto aliyezaliwa Ol Kalou hajapata nguvu hiyo hata siku moja. Nyanya yake akisema, "Huyu ni wa damu yetu, hatadhurika," mwambie kwa heshima kwamba mbu haulizi ukoo. Mtoto huyu anaweza kuwa mzima asubuhi, na siku ya pili yake akawa amezimia kwa homa. Ndiyo maana tunasema kwamba mtoto wa nchi ya juu ndiye wa kulindwa kuliko wote, pamoja na mama mwenye mimba.

KABLA YA KUONDOKA

Jambo la kwanza ni kujua uendako. Malaria ni nyingi kandokando ya ziwa Victoria na katika nchi iliyo jirani nalo: Kisumu, Siaya, Homa Bay, Migori, Busia, Kakamega, Bungoma na Vihiga. Ipo pia pwani yote, toka Kwale mpaka Lamu. Katika Turkana, Baringo, Garissa na nchi nyingine kavu huja zaidi baada ya mvua. Katika mashamba ya mpunga maji husimama, na mbu huzaliana humo.

Jambo la pili ni kwenda kituo cha afya kabla ya safari, siyo siku ya kupanda gari, bali wiki tatu mbele. Mwambie mganga unakwenda wapi, siku ngapi, na nani anafuatana nawe. Ziko dawa za kuzuia Malaria, nazo hazifanani:

Doksisaiklini humezwa kila siku. Mtu huanza siku moja au mbili kabla ya kufika, anaendelea siku zote za safari, na baada ya kutoka huko anaendelea wiki 4. Haifai mama mwenye mimba wala watoto walio chini ya miaka 8.

Meflokwini humezwa mara moja kwa wiki. Yafaa kuianza wiki mbili au tatu mbele, na kuendelea wiki 4 baada ya kutoka. Haifai mtu mwenye kifafa au aliyepata kuugua akili.

Atovakwoni pamoja na proguanili humezwa kila siku. Huanzwa siku moja au mbili kabla, na baada ya kutoka huendelea siku 7 tu. Bei yake ni kubwa kuliko nyingine.

Usijichagulie mwenyewe kwa kusikia ya jirani. Mganga ndiye atakayepima ipi inakufaa wewe, na ipi inamfaa mtoto kwa uzito wake. Wala usichimbue sandukuni ile klorokwini chungu ya zamani. Vijidudu vya nchi yetu viliizoea, na serikali iliacha kuitumia kuwa dawa ya kwanza ya Malaria mwaka 1998.

Mama mwenye mimba, kama safari inaweza kungoja, na ingoje. Malaria humwondolea damu, na inaweza kumfanya aharibu mimba au azae mtoto mdogo asiye na nguvu. Kama ni lazima aende, na aende kwanza kliniki ya akina mama.

Jambo la tatu ni chandarua. Chukua chandarua chako chenye dawa, na kamba, na misumari minne. Usitegemee kwamba mwenyeji atakuwa nacho cha ziada. Nyumba yenye arusi ina wageni ishirini na vyandarua vitatu! Kikague kama unavyokagua gunia kabla ya kutia nafaka: penye tundu, shona.

Jambo la nne ni dawa zako za kila siku. Kama unatumia dawa za sukari, presha, kifua kikuu, kifafa au Ukimwi, hesabu siku za safari kisha uongeze za wiki moja, maana gari huharibika na mvua hukata njia. Ziweke katika mkoba wa mkononi. Usizitie ndani ya gunia linalofungwa juu ya gari, kwa kuwa jua litazichoma na mwizi anaweza kuchukua gunia zima. Insulini hasa haitaki joto kali wala kuganda. Chukua pia kitambulisho na kadi ya kliniki ya kila mmoja.

Na kama unavuka mpaka kwenda Uganda, uliza mapema habari ya chanjo ya homa ya manjano. Ukichanjwa mara ya kwanza, cheti huanza kufaa baada ya siku 10. Tangu mwaka 2016 cheti hicho ni cha maisha yote, kwa hiyo kitunze pamoja na hati ya shamba.

NJIANI

Tusidanganyane: kabla ya mbu hajakuuma, barabara inaweza kukuua. Tangu Februari 2004, sheria za Waziri John Michuki ziliamuru kila matatu na basi kuwa na mikanda ya viti na chombo cha kuzuia mwendo usipite kilomita 80 kwa saa. Mkanda upo, lakini haujifungi wenyewe. Ufunge, na umfunge mtoto. Dereva akienda mbio, sema. Usione haya, maana abiria kumi na wanne wakinyamaza, dereva hudhani wamependa. Kama inawezekana safiri mchana. Ukipanda pikipiki, dai kofia ya chuma ya abiria, na usikubali kuketi watatu na mzigo. Ukitembea kando ya lami usiku, vaa nguo nyeupe na utembee ukiyatazama magari yajayo.

Ndani ya gari fungua dirisha, hata kama jirani yako analalamika kwa baridi. Kifua kikuu, mafua na Korona hupenda mahali palipofungwa, watu wakipumuliana. Mwenye kikohozi na afunike mdomo kwa kitambaa au kwa kiwiko. Gari likisimama, shuka ukanyoshe miguu, hasa kama umri umekwenda au miguu huvimba.

Sasa tuseme habari ya maji. Maji ya njiani usiyaamini kwa kuyatazama tu. Mlipuko wa kipindupindu ulioanza Oktoba 2022 uliingia katika kaunti zaidi ya 20, na ugonjwa huo hutembea pamoja na watu, kwa maji na kwa mikono. Chemsha maji nyumbani uyabebe. Hapa kuna jambo ambalo mkulima wa mlimani yafaa alijue. Pwani maji huchemka yakifika digrii 100. Lakini mahali palipo kama mita 2,400 juu ya bahari, maji huanza kutokota yakiwa kama digrii 92 tu, kwa sababu hewa ya juu ni nyepesi. Kwa hiyo sisi tulio juu ya mita 2,000 tusiepue sufuria mara tu tunapoona mapovu. Acha yatokote sawasawa kwa dakika 3. Nchi ya chini dakika 1 yatosha.

Na chombo je? Hili ni la kusisitiza sana kwa wakulima. Mtungi wa plastiki uliokuwa na dawa ya kuogeshea ng'ombe au dawa ya kunyunyizia viazi usitiwe maji ya kunywa kamwe, hata ukiusugua kwa mchanga na sabuni mara saba. Sumu huingia ndani ya plastiki yenyewe. Mtungi wa namna hiyo na utobolewe ili mtu asiutamani.

Kuhusu chakula, kanuni ni fupi: kile kilicho moto, au kile unachomenya mwenyewe. Hindi la kuchoma likitoka motoni ni zuri. Ndizi na chungwa ni salama, maana ganda lake ndilo sahani yake. Yai la kuchemsha lililo katika ganda lisilopasuka linafaa. Lakini tunda lililokwisha katwa na kuwekwa wazi penye nzi, nyama iliyopoa tangu asubuhi, na kachumbari iliyooshwa kwa maji usiyoyajua, waachie wengine. Maziwa mabichi usinywe hata kwa mkwe. Ugonjwa wa Brusela unaowafanya ng'ombe watupe mimba humwingia mtu kwa maziwa yasiyochemshwa, ukamletea homa na maumivu ya viungo kwa miezi. Kabla ya kula osha mikono kwa sabuni. Kipande cha sabuni katika karatasi hakina uzito.

Tumbo likiharibika, hatari kubwa ni kukauka maji mwilini, hasa kwa mtoto. Beba pakiti za chumvi za kuongeza maji mwilini, ambazo hupatikana kituoni na dukani kwa dawa. Changanya kwa kipimo cha maji kilichoandikwa juu ya pakiti, si zaidi wala si pungufu. Kama huna, tia vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi katika lita 1 ya maji safi, vijiko vikiwa vya kulinganisha na ukingo. Mpe mtoto kidogo kidogo kila anapoharisha, na usimwachishe ziwa wala chakula. Mhudumu wa afya humpa pia vidonge vya zinki vya siku 10 mpaka 14, navyo vimalizwe hata kama amepona. Lakini akiharisha maji mengi kama maji ya mchele, au damu, au macho yakibonyea na akakosa nguvu ya kunywa, mpeleke hospitali huku ukiendelea kumnywesha.

UKIWA UGENINI

Mbu wa Malaria huuma zaidi kuanzia machweo mpaka alfajiri. Kwa hiyo jua likizama vaa nguo ya mikono mirefu, suruali ndefu au leso ya kufunika miguu, na soksi. Mafuta ya kufukuza mbu yafaa kwa sehemu zilizo wazi. Watoto waingie chandaruani mapema, na kingo za chandarua zichomekwe chini ya godoro au mkeka pande zote. Chandarua kilichofungwa fundo juu ya kichwa kama pazia la arusi hakimsaidii mtu.

Tunajua kwamba katika matanga watu hukesha nje. Hatuwezi kumwambia mtu asimlilie marehemu. Lakini si lazima mtoto wa miaka mitatu akeshe pamoja nawe. Mlaze ndani ya chandarua, na wewe mwenyewe ujifunike blanketi mpaka miguuni. Wenyeji hawatakasirika ukiwaeleza. Wao wanaijua Malaria kuliko sisi.

Katika mifereji ya mpunga ya Mwea, na katika maji ya ukingoni mwa ziwa Victoria, kuna hatari nyingine, nayo ni kichocho. Vijidudu vyake hutoka katika konokono wadogo wa majini na kupenya ngozi ya mtu bila yeye kuhisi. Watoto wetu wakiona maji ya vuguvugu hutaka kuruka humo. Wazuie. Waogeshe kwa maji ya bomba, au ya kisima, au maji yaliyochemshwa.

Jua la nchi ya chini nalo si jua la kwetu. Mtu aliyezoea koti akifanya kazi saa sita mchana shambani kwa mkwewe, anaweza kuanguka. Kunywa maji mara nyingi kabla ya kuona kiu, vaa kofia, na fanya kazi asubuhi na jioni.

HESABU YA KALENDA

Sasa tunafika penye jambo kubwa kuliko yote, tena ndilo linaloua watu wetu wa nchi ya juu. Malaria haionekani siku ile ile mtu anapoumwa na mbu. Kijidudu huenda kwanza kujificha katika ini, na hukaa humo kimya. Homa hutokea baada ya siku 7 au zaidi, na mara nyingi kati ya siku 10 na 15. Wakati mwingine hukawia kuliko hivyo.

Hebu tufanye hesabu kama tulivyofanya shuleni. Mkulima wa Ol Kalou anaondoka na jamaa yake tarehe 18 Desemba. Anafika Mpeketoni tarehe 19. Mtoto wake anaumwa na mbu usiku wa tarehe 22. Tarehe 27 wanaaga, na tarehe 28 wamefika nyumbani, wote wazima, wakisema, "Mungu ametujalia, hakuna aliyeugua." Jumlisha siku 10 mpaka 15 juu ya tarehe 22. Unapata tarehe 1 mpaka 6 Januari. Yaani mtoto ataugua akiwa kwao, katika baridi, zawadi zimekwisha kuliwa, shule zinakaribia kufunguliwa, na hakuna mtu anayeikumbuka safari.

Ndipo watu huanza kukosea. Mtoto anatetemeka, mama anasema ni baridi ya Januari. Anakohoa kidogo, baba anasema ni mafua, ananunua vidonge vya kutuliza maumivu dukani. Homa inashuka, kisha inapanda tena. Siku ya tatu wanampeleka kituo cha afya. Lakini huko nako, mganga wa nchi ya baridi hukutana na wagonjwa wa mapafu kila siku na wa Malaria mara chache. Asipoambiwa habari ya safari, anaweza asiifikirie Malaria. Na kwa mtoto asiye na nguvu ya kupigana nayo, siku mbili au tatu ndizo tofauti kati ya vidonge na kaburi.

Kwa hiyo shika kanuni hii, umfundishe na mwenzako: homa yo yote inayompata mtu ndani ya miezi 3 baada ya kutoka nchi ya Malaria, na iaminiwe kuwa ni Malaria mpaka damu ipimwe. Usingoje kesho. Nenda kituoni siku ile ile, na neno la kwanza utakalomwambia mganga liwe hili: "Tumetoka safari, tulikuwa mahali fulani, tulirudi tarehe fulani." Maneno hayo hayana bei, nayo yanaweza kuokoa maisha.

Kipimo ni tone la damu kutoka kidoleni, na jibu hupatikana kwa muda mfupi. Kipimo kikisema hakuna, na homa ikaendelea, rudi upimwe tena. Kikisema ipo, dawa ya mchanganyiko wa artemetha na lumefantrini humezwa mara 6 kwa siku 3: ya kwanza mara moja, ya pili baada ya saa 8, kisha asubuhi na jioni kwa siku mbili zinazobaki. Imeze pamoja na chakula au maziwa yaliyochemshwa, maana mafuta ya maziwa huisaidia dawa kuingia mwilini. Hapa mkulima wa maziwa ana bahati! Maliza zote, hata ukijiona umepona siku ya pili. Usimwachie jirani nusu.

Mgonjwa akiona kifafa, akitapika kila kitu, akishindwa kuketi au kunywa, akipayuka, akipumua mbio, macho yakiwa manjano, mkojo ukiwa mweusi kama chai ya rangi, au viganja vya mtoto vikiwa vyeupe, usibaki nyumbani hata saa moja. Mpeleke hospitali kubwa, kwa kuwa anahitaji dawa ya sindano.

Hesabu hii ya kalenda ndiyo inayoonyesha pia kwa nini dawa ya kuzuia humezwa baada ya kurudi. Yule mkulima wetu kama alikuwa akimeza doksisaiklini, na aliondoka Mpeketoni tarehe 27 Desemba, basi aendelee mpaka tarehe 24 Januari. Watu wengi huacha siku wanapoona mlango wa nyumba yao, wakidhani safari imekwisha. Safari yao imekwisha, lakini ya kijidudu bado. Weka alama katika kalenda ya ukutani, pale unapoandika siku za kupandisha ng'ombe.

USIMLETEE NG'OMBE UGONJWA

Ukiwa ugenini utaonyeshwa zizi, maana mkulima hawezi kupita ng'ombe bila kumtazama. Lakini ugonjwa wa midomo na miguu husafiri kwa viatu, nguo na mikono. Kabla ya kuingia zizini kwako, safisha viatu kwa maji na sabuni mpaka tope lote litoke, uvipake dawa ya kuua vijidudu, na ubadilishe nguo. Na aliyebaki akikamua mwachie maagizo yaliyoandikwa: saa za kukamua, ng'ombe gani anatibiwa na maziwa yake yasipelekwe kiwandani, na namba ya simu ya daktari wa mifugo. Mtu anayelala akiwa na wasiwasi wa shamba halali vizuri.

KWA KIFUPI

1. Nenda kituo cha afya wiki tatu kabla ya safari, uulize dawa ya kuzuia Malaria.
2. Beba chandarua chako chenye dawa, na dawa zako za kila siku katika mkoba wa mkononi.
3. Funga mkanda, vaa kofia ya pikipiki, safiri mchana.
4. Chemsha maji, osha mikono, kula kilicho moto au unachomenya mwenyewe.
5. Usitie maji ya kunywa katika chombo cha sumu ya shambani.
6. Jua likizama, funika mwili, na watoto waingie chandaruani.
7. Endelea na dawa ya kuzuia mpaka siku uliyoambiwa.
8. Homa ndani ya miezi 3: pima damu siku ile ile, na useme ulikotoka.

Kata orodha hii uibandike mlangoni, ndani, mahali unapotundika koti la safari. Na kama wewe husafiri mwaka huu lakini jirani yako anasafiri, msomee. Akirudi na zawadi ya nazi, mwulize siku ya kumi kama watoto wake wote wanalala vizuri.